Kupunga Upepo kwenye Ngazi za Mfalme

Tulikubaliana dong 150,000, pesa ya Vietnam, kwa mzunguko mzima wa mji wa Huế, na nilihakikisha kwa vidole na kwa kikokotoo cha simu ili baadaye pasiwe na maneno. Kwa hiyo yule mzee aliposimama ghafla kando ya mto, akashuka, akachomoa noti ya 50,000 kwenye mfuko wa shati na kuanza kuipepea mbele ya uso wangu huku akirudia maneno yaleyale, hasira zilinipanda. Nilishaonywa. Mnakubaliana bei, mkifika katikati ya safari mtu anaongeza.

Chombo chake kinaitwa xích lô. Ni kama guta lililogeuzwa: mzigo unakaa mbele, mpiga pedeli nyuma, na mzigo wenyewe ni wewe. Nilishuka, nikamhesabia 150,000 zake, nikamwambia kwa Kiswahili, maana mtu akikasirika hutafuta lugha ya kwao, "Mzee, hapa siongezi hata senti." Nikaondoka kwa miguu. Nilipogeuka mara moja nilimwona bado amesimama palepale, noti mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha kuelekea banda lenye paa la vigae lililokaa ukingoni mwa mto. Nikasema moyoni, huyu ni fundi.

Usiku ule, nyumba ya wageni, nilimwaga chenji zote kitandani nizipange. Pesa ya Vietnam ina masufuri mengi. Siku nane nilizokaa nchini nilikuwa nazisoma kwa rangi tu, sikuwa nimezitazama picha. Noti ya 50,000 ina rangi ya waridi, ni ya plastiki, ukiikunja inajikunjua. Upande mmoja yupo Hồ Chí Minh, kama kwenye noti zao nyingine. Nikaigeuza. Upande wa pili kuna banda lenye paa la vigae ukingoni mwa mto.

Nilikaa pale kitandani nikiwa nimeishika. Mzee hakuwa anadai chochote. Alikuwa ananionyesha kitu ambacho kila mtu wa Huế anajivunia kumwonyesha mgeni: jengo lililo kwenye noti ndilo hili hapa, tazama. Na noti aliitoa mfukoni mwake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa korosho. Kwetu Mtwara tunavuna, tunapeleka ghalani, mnada unapigwa, na sehemu kubwa ya mzigo inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Nilikuwa nimekwenda kusini mwa Vietnam kutazama mashine za kubangulia, ambazo ni hadithi ya siku nyingine na ya watu wenye mtaji. Kazi ilipoisha zilibaki siku nne kabla ya ndege, na mwenyeji wangu alisisitiza nisiondoke bila kuiona Huế. Nikafika kwa treni kutoka Đà Nẵng, ile inayopanda ukingo wa mlima Hải Vân huku bahari iko chini ya dirisha. Ilikuwa mwisho wa Mei.

Huế ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa nasaba ya Nguyễn kuanzia mwaka 1802 hadi 1945, wafalme kumi na watatu. Siku ya kwanza nilifanya kile wanachofanya wageni wote: nikakata tiketi ya ngome, nikapita lango la Ngọ Môn, nikapiga picha, nikachoka. Sitalisimulia jumba la kifalme. Ni kubwa, ni zuri, limeungua na kujengwa tena mahali pengi, na picha zake zimejaa kila mahali. Kilichobaki kichwani mwangu ni lile banda lisilo na tiketi.

Asubuhi ya pili niliamka mapema nikaenda kwa miguu, kwanza nikimtafuta yule mzee. Huko mjini xích lô ni nyingi, na wengi wanaoziendesha ni wazee waliokauka kwa jua, wamevaa kofia. Nilizunguka karibu saa nzima nikichungulia nyuso za watu hadi nikaona aibu. Sikumpata. Sikumpata siku ile wala zilizofuata.

Basi nikaenda bandani peke yangu.

Kwanza ujue kwamba majengo ni mawili, na wageni huyachanganya. Ukiwa umeipa ngome mgongo, unavuka uwanja na kukuta jengo dogo la ghorofa mbili lenye nguzo nyekundu na vigae vya manjano: hilo ni Phu Văn Lâu, lililojengwa mwaka 1819, wakati wa mfalme Gia Long. Ukiendelea mbele hadi maji yanakukataza, unakuta banda la chini, refu kiasi, ngazi zake zinashuka moja kwa moja mtoni: hilo ni Nghinh Lương Đình. Lilijengwa mwaka 1852, enzi za Tự Đức, ili mfalme apate pa kupumzika kabla ya kupanda mashua yake, au pa kukaa tu jioni za joto. Jina linalotumika sasa lilipewa mwaka 1918. Nyuma ya yote mawili, juu ya ukuta wa ngome, umesimama mlingoti wa bendera uliojengwa 1807. Mwaka 1968, kwenye mapigano ya mwaka mpya wao wa Tết, bendera ya wapiganaji waliouteka mji ilipepea pale kwa siku zipatazo ishirini na tano kabla ya kushushwa, na sehemu kubwa ya ngome chini yake ikageuka kifusi.

Phu Văn Lâu ndipo yalipotundikwa maneno ya mfalme. Amri ikishasomwa langoni mwa jumba, ilibebwa kwa maandamano, chini ya mwavuli, ikaja kutundikwa hapa ili watu waisome. Na hapa ndipo yalipobandikwa majina ya waliofaulu mitihani mikuu ya taifa, ile ya kupata maofisa wa serikali. Mtihani wa mwisho wa aina hiyo ulifanyika mwaka 1919.

Hapo nilicheka peke yangu. Nilimaliza kidato cha nne wakati matokeo yanabandikwa ukutani. Hakuna simu, hakuna tovuti. Unafika shuleni unakuta kundi la watu limejazana mbele ya karatasi, wengine wanapiga vigelegele, mwingine amekaa chini ya mwembe haongei na mtu. Mimi nilianza kutafuta jina langu kutoka chini kwenda juu, kwa unyenyekevu. Nikamfikiria kijana wa kijiji fulani cha mbali, amesoma miaka ishirini, amesimama mbele ya nguzo hizi nyekundu anatafuta jina lake, na magoti yake ni yaleyale.

Kando ya mto kulikuwa na miti imewaka maua mekundu. Niliitambua kwa mbali: mkrismasi. Kwetu unachanua Desemba, ndiyo sababu ya jina. Kwao unachanua Mei na Juni, shule zinapofungwa, kwa hiyo wanauita ua la wanafunzi. Mti wenyewe asili yake ni Madagaska. Ukae akilini, kwa kuwa Madagaska itarudi.

Mbele ya Phu Văn Lâu kuna jiwe lenye maandishi ya Kichina, manne tu. Maana yake: inamisha mwavuli, shuka kwenye farasi. Yaani ukipita mbele ya maneno ya mfalme, jishushe. Hatua chache kutoka kwenye jiwe hilo ipo barabara ya Lê Duẩn, na pikipiki zinapita kama nyuki waliochokozwa, hakuna anayeshuka kwenye chochote. Mimi niliishia kuvuka kwa mbinu niliyofundishwa kusini: tembea polepole, usisimame, usikimbie, usirudi nyuma, wao watakuzunguka. Inafanya kazi. Lakini moyo haujazoea.

Saa mbili asubuhi tayari shati lilikuwa limenigandia mgongoni, na mimi natoka Mtwara, si mtu wa kulalamikia joto. Niliingia chini ya paa la Nghinh Lương Đình, nikashuka ngazi mbili tatu, nikakaa.

Upepo ulinikuta hapohapo. Sijui waliojenga walipimaje. Kule juu uwanjani hewa ilikuwa imesimama kama maji ya mtungini, ila hapa, hatua thelathini tu chini, upepo unatoka mtoni, unaingia chini ya paa, unapita katikati ya nguzo na kutokea upande wa pili. Hakuna ukuta wa kuuzuia. Nikaelewa kwa nini jana sikuona kitu: nilikuwa barabarani, na banda hili limeupa mto uso. Mimi nilikuwa mgongoni kwake nikibishana.

Ngazi ya mwisho, miguu ikigusa maji, alikaa mzee mwingine akivua kwa ufito. Pembeni yake binti mmoja alikuwa anasoma kwenye simu. Alinitazama, akatabasamu, akaniuliza kwa Kiingereza chema kabisa, jambo la kwanza kabla hata ya nchi nitokayo: nina umri gani?

Nikashtuka kidogo. Nikamwambia hamsini na tatu.

"Basi wewe ni bác," alisema. "Baba yangu ana arobaini na nane. Ungekuwa mdogo kwake ningekuita chú."

Alieleza kwamba kwao huwezi kusema "wewe" na "mimi" hivihivi. Lazima ujue kwanza mtu ni nani kwako. Bác ni kaka wa baba aliyemtangulia, chú ni mdogo wake baba. Nikamwambia, mwanangu, hapo umefika nyumbani: sisi tunaye baba mkubwa na baba mdogo, na mtu yeyote wa barabarani anaweza kuwa mmoja wao. Akamtafsiria yule mzee, ambaye ni babu yake mzaa mama. Babu akageuka kwa mara ya kwanza, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema neno fupi. Binti akacheka. "Anasema, basi mwambie baba mkubwa ahamie huku kwenye kivuli."

Nikahamia.

Nikamuuliza jina la banda lina maana gani. Alisema nghinh ni kumlaki mtu, kumpokea kwa heshima kama mgeni anayefika. Lương ni ubaridi, ile hewa ya kuburudisha. Banda la kuulaki ubaridi. Nikamwambia kwetu pwani jambo hilo lina jina lake na lina wakati wake: jioni watu wanatoka kwenda kupunga upepo. Huendi kununua kitu, huendi kumwona mtu. Unakwenda kukaa mahali ambapo upepo unapita. Alilipenda neno, akaliandika kwenye simu: kupunga upepo. Mfalme na mashua yake, alikuwa anakuja kupunga upepo.

Nikamsimulia pia kisa cha mzee wa xích lô na noti. Sijui kwa nini nilimsimulia; labda nilitaka mtu wa mji ule anisamehe kwa niaba yake. Alimtafsiria babu. Babu hakucheka. Alivuta mshipi, akatazama chambo, akaurudisha majini. Kisha akasema kitu kirefu kidogo, na binti akanyamaza kabla ya kutafsiri. "Anasema wageni wengi wanapita hapa dakika tano. Anasema hata sisi."

Kumbe palepale tulipokaa pana hadithi, na babu ndiye aliyeianzisha, kwa ufito wake mkononi. Upo wimbo wa mashua wa Huế, kila mtu anaujua, unaomtaja mtu aliyekaa gatini pa Văn Lâu jioni akivua samaki, mwenye huzuni. Wenyeji husema mvuvi yule hakuwa mvuvi.

Mwaka 1907 Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Vietnam, walimwondoa mfalme Thành Thái wakidai ana wazimu, wakamweka mwanawe, mtoto wa miaka saba. Jina la ufalme akaitwa Duy Tân. Bila shaka waliona mtoto atakuwa rahisi. Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, Wafaransa wakikusanya vijana wa Vietnam kuwapeleka Ulaya, wanaume wawili, Trần Cao Vân na Thái Phiên, walipanga uasi, nao walimtaka mfalme awe pamoja nao. Utamfikiaje mfalme anayelindwa usiku na mchana? Husimuliwa kwamba walijifanya wavuvi, wakakaa na ndoana zao mahali ambapo mfalme angepita, wakaongea naye kama watu wanaoulizana habari za samaki. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikubali.

Siri ilivuja. Usiku wa tarehe 3 Mei mfalme alitoroka jumbani, baada ya siku tatu akakamatwa. Wale wawili walikatwa vichwa mwezi huohuo. Kijana, pamoja na baba yake, walipandishwa meli na kupelekwa uhamishoni.

"Walipelekwa wapi?" niliuliza, nikitarajia Ufaransa.

"Réunion," alisema binti. "Kisiwa. Sijui kiko wapi hasa. Afrika?"

Kaka, niliinuka kwenye ngazi. Réunion ni majirani! Ni bahari yetu ileile, ng'ambo ya Madagaska. Nilifungua ramani kwenye simu, nikamwonyesha: hapa Mtwara, hapa Komoro, hapa Madagaska, ukivuka unakuta nukta hii. Binti aliisogeza ramani karibu na macho ya babu. Babu akaweka ufito chini.

Nikawaambia kwamba bahari yetu hiyo ilikuwa gereza la wafalme. Waingereza walimtupa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro Shelisheli. Mwanga alifia hukohuko mwaka 1903. Khalid bin Barghash, aliyekaa kwenye kiti cha Zanzibar siku chache tu mwaka 1896 kabla mizinga haijamtoa, naye alionja Shelisheli, akaja kufia Mombasa. Malkia wa Madagaska, Ranavalona wa Tatu, Wafaransa walimpeleka Réunion mwaka 1897, kisha wakamhamishia Algiers. Na binti akadakia: Algiers? Huko ndiko alikopelekwa mfalme wao mwingine, Hàm Nghi, aliyekamatwa mwaka 1888 akiwa bado kijana, akaishi huko akichora picha hadi kifo chake 1944. Tulitazamana. Malkia wa kisiwa chetu na mfalme wa mji wao, kwenye mji mmoja, wote si kwao.

Nilipofika nyumba ya wageni nilisoma zaidi, na kesho yake nikaenda kuliona kaburi. Kule Réunion, Duy Tân alirudi kuitwa kwa jina la utotoni, Vĩnh San. Akajifunza redio, akawa fundi wa kuzitengeneza na kuzungumza hewani na watu wa mbali. Vita vya pili vilipokuja alijiunga na Wafaransa waliompinga Hitler. Desemba 1945, vita vimekwisha, alipanda ndege kutoka Paris kurudi Réunion kuiona familia yake. Ndege ilianguka tarehe 26 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Akazikwa huko, katikati kabisa ya bara letu, na akalala huko hadi mwaka 1987, mifupa yake iliporudishwa Huế. Yuko An Lăng, pamoja na babu yake Dục Đức na baba yake. Siku niliyokwenda palikuwa kimya. Nilimkuta mama mmoja tu anafagia majani.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Pale kwenye ngazi jua lilikuwa limepanda, na mashua zenye vichwa vya joka, zile za watalii, zilikuwa zinapita katikati ya mto. Jina la mto, Hương, maana yake ni harufu nzuri. Mimi nilinusa tope na majani mabichi, na sikuona ubaya. Kwa mbali kulionekana daraja la Trường Tiền, chuma cha mwaka 1899, spani sita. Binti alikwenda kununua chè, kinywaji chao cha sukari, kunde na barafu, nikampa ile noti ya waridi. Alirudi na vikombe vitatu na chenji, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Tulikunywa bila kuongea sana. Mtu akiniuliza Huế nilifanya nini, ukweli ni kwamba asubuhi nzima nilikaa kwenye ngazi. Samaki hakuvuliwa hata mmoja. Babu alikuwa ameiacha simu yangu magotini mwake, ramani bado imefunguka, na kila ilipozima mwanga aliigusa kwa kidole kimoja iwake tena.

Mwishowe aliuliza swali, na binti akalitafsiri. "Anauliza, bahari ya huko ni ya baridi?"

Nikamwambia hapana. Ni ya vuguvugu, hata usiku unaweza kuoga.

Babu akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia simu, akaokota ufito wake.